Mwenye Shaka Aje Jumatano

Ukimwamkia alijibu marahaba, halafu papo hapo akakuuliza, "Una shaka gani?" Hakuuliza hujambo, hakuuliza wa nyumbani wanaendeleaje. Una shaka gani, basi. Na sisi wote, kidato cha kwanza hadi cha nne, tulikuwa na jibu moja: "Sina, mwalimu." Alitikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Nimemjua karibu miaka thelathini, kwanza kama mwalimu wangu wa hesabu Mwanza mjini, baadaye kama mteja wangu huku Nyegezi, na miaka yote hiyo nimemjibu hivyohivyo. Nilikuwa namdanganya. Shaka nilikuwa nayo, tena nilikuwa na ushahidi wake kwenye karatasi. Nalisema mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu gani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule nyuma ya stendi ya mabasi, na hesabu ninayoishi nayo siku hizi ni ya kiuno, urefu na paja. Kwa hiyo nikieleza mambo ya namba msinicheke. Naeleza kama nilivyofundishwa naye, na yeye hakuwa mtu wa kueleza mara mbili.

Majina hakuyashika, au hakutaka kuyashika. Alituita kwa namba zetu za kwenye kitabu cha mahudhurio. Mimi nilikuwa Arobaini na Moja. Mwanzoni tulinung'unika, tukasema kwani sisi wafungwa? Lakini yeye kwake namba ilikuwa heshima. Alinisimamisha siku ya kwanza akasema, "Arobaini na Moja, wewe ni tasa. Tembea kifua mbele." Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11, 13. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja alikuwa Arobaini na Mbili, akaambiwa yeye anagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, hana msimamo. Alinuna wiki nzima, na mwalimu hakujua kwamba mtu anaweza kununa kwa sababu hiyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, suruali zake zote zinaishia juu ya kifundo cha mguu kana kwamba anajiandaa kuvuka maji. Mfuko wa kulia vipande vya chaki, mfuko wa kushoto karanga. Siku moja alichanganya. Akiwa anatazama ubao alitia mkono mfukoni, akatoa chaki, akaitupia mdomoni, akatafuna, akasita, akameza. Darasa zima lilikuwa linaangalia, watu hamsini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Tulivumilia mpaka alipotoka ndipo tukalala juu ya madawati kwa kicheko. Namkumbuka alivyosimama pale na vumbi jeupe kwenye midomo, akitutazama mmoja mmoja. Nilidhani anatafuta nani amecheka. Sasa najua hakuwa akitafuta hilo.

Somo lake la kwanza la kidato cha pili lilikuwa lilelile kila mwaka, na kaka na dada zetu walishatusimulia. Aliingia bila kusema kitu, akaandika ubaoni, moja chini ya nyingine:

31
331
3331
33331
333331
3333331
33333331

Aliziita foleni ya tatu. Tatu zimejipanga, moja imesimama mwisho. "Zote saba ni tasa," alisema. "Hii ya saba nimeigawanya mimi mwenyewe likizo nzima, kwa kila tasa inayoweza kuigawa. Hakuna iliyoingia." Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia watoto wake waliofaulu. Tulikuwa vichwa maji, lakini hata sisi tuliona pale pana kitu kizuri. Namba hazina adabu, hujui tasa inayofuata iko wapi, halafu ghafla hawa wamesimama kwenye mstari kama wameambiwa.

Kisha aliandika ya nane. Tatu nane na moja: 333333331.

"Na hii ni hivyohivyo," alisema. "Na zinazofuata, mpaka ubao uishe. Mwenye shaka aje ofisini Jumatano."

Akaweka chaki, akatuangalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, akatoka kabla kengele haijalia.

Jumatano ilikuwa siku yake. Vipindi vikiisha alikaa katika kiofisi chake karibu na stoo ya vifaa vya michezo mpaka mlinzi aje kufunga. Kulikuwa na viti viwili. Cha kwake kilikuwa mbao tupu. Cha pili kilikuwa na kimto alichokishona mwenyewe kwa mkono, mishono mibaya sana, leo ningemfukuza fundi anayeniletea mishono ile. Mezani karatasi safi na penseli iliyochongwa. Watu walikwenda, si kwamba hawakwenda. Walifuata ruhusa, rula kubwa ya ubaoni, funguo za stoo. "Karibu, una shaka gani?" "Sina, mwalimu, nimefuata mpira." Mpira walipewa. Kiti cha pili sikumbuki kumwona mtu amekikalia.

Sasa niseme la kwangu. Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu upande wa Kamanga, ng'ambo, nikivuka kila siku asubuhi na jioni kwa pantoni. Safari ile inakaribia nusu saa, na mimi si mtu wa kukaa bila kufanya kitu, mpaka leo ukiniona nimekaa mikono mitupu ujue naumwa. Jioni ya siku ileile ya foleni nilikaa juu ya gunia la mtu, nikachukua karatasi ya kufungia sabuni, nikaanza kuigawanya ile ya nane. Wala sikuwa na shaka. Nilitaka tu kuona tatu zinavyoshuka. Kwa 7 ikabaki 2. Kwa 11 ikabaki 1. Kwa 13 ikabaki 6. Kwa 17 nikaanza: 33 toa 17, 16, 163, mara tisa, nikateremka, nikateremka, mwisho nikabaki na 51. Na 51 ni kumi na saba mara tatu. Haikubaki kitu.

Nilirudia mara tatu. Pantoni ilikuwa imefika, watu wanashuka, mwenye gunia ananiambia dada nyanyuka. Ya nane haikuwa tasa. Mwalimu wetu alikuwa amekosea, na ilikuwa imenichukua safari moja ya kivuko kujua.

Nilimwambia shangazi wakati tunachambua dagaa. Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Kwa hiyo unataka kwenda kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo?"

"Si mwongo, shangazi. Amekosea."

"Wewe Arobaini na ngapi sijui, ukome. Mwalimu wako umwache na hesabu zake. Utafika huko umsimamie mbele, umwambie nini? Nani amekulea?"

Kwa hiyo nikanyamaza. Kesho yake nikamnong'oneza Arobaini na Mbili, maana kunyamaza nako kuna mipaka, naye akacheka. Alikuwa anajua. Kaka yake alimaliza shule pale. Kumbe walikuwa wanajua wote, darasa la juu yetu, na la juu ya hilo. Ndiyo maana kule nyuma ya vyoo mwalimu alikuwa na jina la pili ambalo sikuwa nimelielewa: Kumi na Saba. "Kumi na Saba anakuja, kimbia!" "Leo Kumi na Saba kavaa soksi mbili tofauti." Shule nzima ilikuwa inajua kosa lake isipokuwa yeye, hivyo ndivyo tulivyoamini, na tulijiona watu wenye adabu sana kwa kutomwambia.

Lakini nisimalizie kwa adabu tu, maana kulikuwa na sababu nyingine, na hii inamhusu yeye.

Tulikuwa na mwenzetu aliyeitwa Namba Sita, mtoto wa mfugaji wa Misungwi, mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja mwalimu anafanya hesabu ndefu ubaoni, akaandika kutoa mahali pa kujumlisha. Namba Sita akasimama: "Mwalimu, hapo umekosea." Hivyo tu, kavu. Niliuona uso wa mwalimu. Uliwaka. Sijawahi kuona mtu amefurahi kiasi kile kwa kuambiwa amekosea, alifungua mdomo aseme kitu. Bahati mbaya mwalimu wa nidhamu alikuwa anapita dirishani. Akaingia. Akamwuliza Namba Sita kama hivyo ndivyo anavyozungumza na baba yake. Akamtoa nje, akamcharaza viboko vinne, tukivihesabu kwa masikio.

Na mwalimu wetu wa hesabu, yule wa mwenye shaka aje, alisimama. Chaki mkononi, mdomo umefunguka, hakusema neno. Dakika mbili nzima. Namba Sita aliporudi akakaa kwa upande, mwalimu akafuta ile alama ya kutoa, akaandika ya kujumlisha, akaendelea. Herufi zikawa kama za mtoto. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Baada ya hapo nani angekwenda Jumatano? Hata mwenye kichaa asingekwenda.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimtaka mtu shujaa usimtafute kwake. Aliogopa mkuu wa shule, aliogopa vikao, aliogopa mbwa. Ulimi wake ulikuwa hodari mbele ya namba, mbele ya watu ukarudi ndani. Alifundisha kwamba jambo lisilothibitishwa ni uvumi, halafu mvua ikinyesha Jumatatu anakuambia wiki nzima itanyesha. Alikataza mashine za kuhesabia, "zinakupa jibu bila kukupa njia," lakini redio yake alikuwa haizimi, hata akiwa anasahihisha mitihani, hata kituo kikiwa kimepotea na kubaki mlio. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema nyumba yenye mlio si sawa na nyumba isiyo na mlio.

Alipostaafu alihamia huku kwetu Nyegezi, chumba na sebule kati ya mawe makubwa, juu, unapanda mpaka magoti yanalalamika. Kuhusu mke sitasema, sijui. Ana binti Misungwi anayekuja mwisho wa mwezi na unga na mafuta, anafagia, anaondoka. Nilimwona mwalimu kijiweni kwa vijana wa bodaboda, anacheza drafti, na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo lilinichanganya kabisa. Alikuwa anaiba!

Mtu wa ushahidi, mtu wa hatua kwa hatua, mpinzani akigeuka kuangalia abiria, mwalimu anasogeza kizibo cha soda nyumba mbili. Tena waziwazi, mkono mzima. Nilimwuliza kijana mmoja kama hawaoni. Akacheka: "Tunaona, dada. Mzee wetu huyu, tumwache ashinde. Ana nini kingine?" Walimpigia makofi, wakamwita bingwa. Naye akainuka, akavuta koti lake, akapita mbele yangu uso umekunjamana kama mtu aliyeshindwa vibaya. Nikajisemea wazee wana mambo. Mimi fundi, naona mshono uliolegea mita kumi, lakini ule sikuuona.

Dukani kwangu alikuja kupunguziwa suruali. Zamani zilikuwa fupi, sasa zilikuwa ndefu, maana yeye ndiye aliyekuwa anapungua. Aliingia akipapasa fremu ya mlango, macho yalishaanza kuharibika, presha ya macho, daktari alisema. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, Arobaini na Moja." Jamani! Miaka yote ile, sauti tu. "Una shaka gani?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye upindo wa suruali yake, pini nne mdomoni. Ukweli ni kwamba nilitaka kusema. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, shangazi alishatangulia mbele ya haki, hakuna mwalimu wa nidhamu wa kupita dirishani. Nilikuwa nimeshaanza kutema pini ya kwanza. Halafu nikamtazama mzee wa watu, kola imechakaa, nikaona nitapata nini kwa kumwambia leo kwamba kila mwaka alisimama mbele ya watoto akasema uongo? Nikazirudisha pini mahali pake. "Sina, mwalimu." Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa uvivu wa roho, nao nimeuzoea.

Alikuja hivyo mara nne au tano kwa miaka kadhaa. Kisha mwaka huu akaacha kuja. Kijana wa bodaboda akaleta suruali ya kaki na ujumbe: mwalimu hawezi tena kushuka mawe, ipunguzwe kama ile ya mwisho. Nilipunguza. Nikaipiga pasi. Ningeweza kumpa kijana aipeleke, lakini sijui, niliishika nikaona kiuno kimekuwa kidogo mno, nikaogopa kwamba nikiendelea kupunguza hivi siku moja nitashona kitu cha mtu ambaye hayupo tena. Jumapili baada ya ibada nikapanda mwenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inalia mlio mtupu. Alikuwa amekaa mezani kwenye kiti cha mbao, macho yameelekea dirishani ambako ziwa lilikuwa linang'aa, lakini hakuwa analiona. Upande wa pili wa meza kilikuwa kiti cha pili. Kimto kilekile. Mishono ileile mibaya. Mezani karatasi na penseli iliyochongwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Arobaini na Moja. Una shaka gani?"

Nikavuta kile kiti, nikakaa. Alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akageuza kichwa.

"Ninayo, mwalimu."

Alinyoosha mkono akazima redio. Sijawahi kusikia nyumba imenyamaza kiasi kile.

"Ya nane," nikasema. "Tatu nane na moja. Si tasa. Inagawanyika kwa kumi na saba."

Kisha akauliza polepole, kwa sauti ya darasani, "Inaingia mara ngapi?"

"Milioni kumi na tisa, laki sita na elfu saba, mia nane arobaini na tatu." Nilikuwa naijua kwa moyo. Miaka ishirini na saba.

"Sawa," akasema. "Umeipata lini?"

"Kidato cha pili. Kwenye pantoni. Siku ileile uliyotuandikia."

"Siku ileile." Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. "Peke yako?"

Sikutaka kumdanganya tena. "Darasa zima, mwalimu. Na waliotangulia. Tuliogopa kukuvunjia heshima."

"Najua mlikuwa mnajua," akasema. "Nilisikia mnavyoniita. Kumi na Saba. Kwani mimi kiziwi? Mara ya kwanza nilipolisikia lile jina nilikuwa natoka maliwatoni. Nilifurahi, Arobaini na Moja, niliruka kama mtoto. Nikasema wameipata, Jumatano watakuja. Nikachonga penseli."

"Kumbe wewe ulikuwa unajua kwamba si tasa?"

"Ni kumi na saba! Nani asiyeweza kufika kumi na saba? Niliiweka pale makusudi ili mje. Sikutaka watoto wa kuniambia ndiyo. Nilitaka mmoja aingie pale mlangoni aniambie, mwalimu, hapana. Halafu tukae, tuone ya tisa ikoje. Hicho tu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mniambie hapana, mngesema ndiyo, mwalimu."

Nilicheka, halafu nikaona machozi yanashuka, yangu mimi. Yeye aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka.

"Kisha nilimfikiria Namba Sita. Viboko vinne. Nilisimama na chaki. Nikaelewa kwa nini hamji. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, nikaendelea kuchonga penseli tu."

Hakuna cha kupoza pale. Wote tulisimama na chaki, kila mtu na yake.

Akafungua droo, akapapasa, akatoa daftari gumu, akanisogezea. Ndani mlikuwa na foleni. Alikuwa ameendelea peke yake miaka yote, akitafuta kama baada ya zile saba itatokea nyingine iliyo tasa. Kila namba na kurasa zake, ameigawanya kwa kila tasa kwa mpangilio, mistari midogo safi. Ya tisa ilikufa kwa 673. Ya kumi kwa 307. Ya kumi na moja kwa 19, pembeni ameandika "aibu!" Ya kumi na mbili kwa 523. Kisha ya kumi na tatu, tatu kumi na tatu na moja, na hapo mwandiko ulianza kupanda na kushuka, namba zikagongana, zikawa kubwa, zikatoka nje ya mistari. Mstari wa mwisho ulikuwa mgawanyo wa 601. Umebaki na baki. Baada yake kurasa nyeupe.

"Macho yalikataa hapo," akasema. "Mwaka wa tatu sasa. Nilimwomba binti yangu anisaidie, akasema baba pumzika. Nilimwomba jirani, akanisomea gazeti. Mtu anaona ni namba za mzee tu."

Nilitoa simu mfukoni, mwanga wa kioo nadhani aliuona. "Zima," akasema. Nikazima.

"Baada ya 601 ni ngapi, mwalimu?"

"Mia sita na saba."

Nikashika penseli. Nikaandika tatu kumi na tatu na moja, nikaanza kugawanya, nikisema kila hatua kwa sauti, naye kichwa ameinamisha, midomo inanifuata. 3333, mara tano, inabaki 298. 2983, mara nne, inabaki 555. Nilikosea kwenye ya tatu, akanishika: "Hapana. Mara tisa." Alisema lile hapana kwa raha! Tukateremka. Tatu zilikuwa zinashuka moja moja kama zamani kwenye karatasi ya sabuni. Tukafika 2003. Mara tatu ni 1821, inabaki 182. Imebaki tarakimu moja tu ya kuteremsha, ile moja ya mwisho wa foleni.

Nikaiteremsha. Ikawa 1821.

Nilitazama 1821 niliyokuwa nimeitoa sasa hivi mstari wa juu, na 1821 iliyokuwa chini yake. Penseli ikasimama.

"Baki?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Rudia."

Nikarudia kuanzia mwanzo. Hakuna. Ya kumi na tatu nayo imegawanyika, kwa namba iliyokuwa inafuata tu pale alipoishia. Alikaa miaka mitatu kwenye kiti kile, hatua moja kabla, na hatua hiyo ilikuwa ya dakika tano kwa mtu yeyote mwenye macho na kiti.

"Hatua moja," akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema mtu aliyeambiwa saa. Akanyoosha mkono juu ya daftari, akapapasa mpaka akaupata mstari niliouandika, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho ingawa hakuwa anauona. Nililia wazi sasa, kwa kelele, sikuona aibu. Nilikuwa na hasira na shangazi, na mwalimu wa nidhamu, na pini zangu nne. Yeye alisubiri nimalize. Alijua kusubiri, hilo hakuna wa kumfundisha.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Kamanga nilipoinuka. Nikamkabidhi suruali, nikamwambia aivae tuone, akasema haina haja, fundi ni yuleyule. Nilifika mlangoni.

"Arobaini na Moja."

"Abee, mwalimu."

"Una shaka nyingine?"

Ile hesabu nilikuwa nimeirudia mara mbili mbele yake. Sikuwa na shaka hata chembe, juu ya kitu chochote.

"Ninayo, mwalimu."

Akapapasa meza mpaka akaipata penseli, akagusa ncha yake kwa kidole, akaona imekuwa butu.

"Basi njoo Jumatano," akasema.